Chai ya Asubuhi Nyumbani na Mlo wa Nje: Nani Ameketi Mezani?

Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, wanafunzi saba waliovua usiku kucha bila kupata kitu wanafika ufuoni mwa Ziwa Tiberia na kukuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Kristo Mfufuka amekwisha kuandaa. Anawaita wafungue kinywa, kisha yeye mwenyewe anatwaa mkate na kuwapa, na samaki vivyo hivyo. Yale mazungumzo mazito na Petro, ya kumpenda Bwana na kuwalisha kondoo wake, yanakuja walipokwisha kula. Tunayasikia masomo haya kila kipindi cha Pasaka, na huenda wengi wetu hatujatua kuona kwamba mambo ya moyoni yalingoja kwanza watu waliochoka na wenye njaa wapate kula.

Lugha yetu ina majina kadhaa ya mlo huo: kifungua kinywa, chamshakinywa, staftahi. Lakini majumbani mwetu tunauita chai tu, hata siku ambayo hapana jani la chai ndani ya nyumba. Uji wa ulezi ni chai. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, maandazi ya jana, kiporo cha wali kilichopashwa moto, yote ni chai. Na anayekuuliza asubuhi kama umekunywa chai haulizi habari ya kikombe. Anauliza kama umeamka salama na kama kuna aliyekujali.

Shida iliyopo katika familia nyingi, hasa za mjini, si ukosefu wa mlo huo. Kuna nyumba ambazo chai ipo, sukari ipo, mkate upo, na bado hakuna anayekula pamoja na mwenzake. Baba ameondoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni. Mtoto anakunywa uji akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, sikio likiwa kwenye honi ya basi la shule. Mama anakunywa chai iliyopoa baada ya wote kutoka, au anaisahau kabisa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika katekesi yake ya Jumatano, tarehe 11 Novemba 2015, alipozungumzia meza ya familia. Alieleza kwamba familia ambayo karibu kamwe haili pamoja, au ambayo mezani haizungumzi bali inatazama televisheni au simu, imepungukiwa na hali yenyewe ya kuwa familia. Ni maneno makali kidogo kwa mtu anayepanda daladala mbili kufika kazini, nasi hatuyaandiki hapa ili kumshutumu mzazi yeyote. Mlinzi anarudi kutoka lindo wakati watoto wanaondoka. Muuguzi wa zamu ya usiku hali kadhalika. Mama auzaye samaki amekwisha kuwa sokoni. Nasi tunaoandika haya si wasafi: tumekunywa chai nyingi mkono mmoja ukiwa na kikombe na mwingine ukipekua simu.

Hata hivyo asubuhi ina jambo ambalo chakula cha usiku hakina. Usiku watu wamechoka, na uchovu huficha mengi. Asubuhi, mtoto asiyeligusa andazi lake anaonekana. Huenda ana homa. Huenda pia kuna mtu anayemwogopa shuleni au njiani, na amekosa pa kulisemea. Mzazi aliyeketi mbele yake, hata kwa dakika kumi, ataona na atauliza. Aliyesimama mlangoni akimhimiza hataona kitu. Kwa hiyo, pale ambapo wote hawawezi kukutana, tunashauri angalau mzazi mmoja aketi. Tunasema aketi, maana tofauti ya kuketi na kusimama ni kubwa kuliko tunavyodhani. Na sala fupi ya kubariki chakula, ile tuliyofundishwa tukiwa wadogo, haichukui muda wa kuchovya mkate mara mbili.

Siku iliyobaki kwa wengi ni Dominika, na hapo ndipo waamini wanapouliza swali ambalo tumelisikia mara nyingi: je, inaruhusiwa kunywa chai kabla ya Misa? Wazee wetu walilelewa katika utaratibu wa kutokula wala kunywa chochote tangu usiku wa manane hadi watakapopokea Komunyo, na baadhi yao waliwarithisha watoto wao hofu hiyo ingawa Kanisa lilikuwa limekwisha kubadili sheria. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu maji, kwamba hayavunji mfungo. Mwaka 1957 aliupunguza mfungo wa chakula kuwa saa tatu. Mwezi Novemba 1964 Papa Paulo VI akaufanya kuwa saa moja, na hivyo ndivyo unavyosema Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 katika kanuni ya 919: anayetaka kupokea Ekaristi Takatifu ajizuie na chakula na kinywaji chochote, isipokuwa maji na dawa, kwa muda wa angalau saa moja kabla ya Komunyo.

Tuangalie vizuri neno la mwisho. Saa hiyo moja inahesabiwa hadi Komunyo yenyewe, haihesabiwi hadi wimbo wa mwanzo. Katika parokia ambayo Misa inaanza saa 1 asubuhi na Komunyo haitolewi kabla ya saa 1:45, familia iliyomaliza chai yake saa 12:30 imeshika sheria bila wasiwasi wowote. Wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia hawabanwi hata na saa hiyo moja. Bibi mwenye kisukari anayelazimika kula ndipo ameze vidonge ale kwa amani, na mjukuu anayemuuguza asione haya. Hata padre anayeadhimisha Misa mbili au tatu siku moja anaruhusiwa kula kitu kabla ya ile inayofuata, basi msishangae mkimwona na kikombe nyuma ya sakristia. Kuna familia zinazopenda kubaki bila kula hadi zitoke kanisani, na hilo ni jema likifanywa kwa upendo. Lakini mtoto wa miaka mitano anayelia kwa njaa wakati wa mahubiri hajifunzi mfungo. Anajifunza kwamba kanisani ni mahali pa kuteseka.

Baada ya Misa, meza hutoka nje ya nyumba, na hapa tunaomba ruhusa ya kusema wazi. Katika miji yetu mingi kula nje asubuhi maana yake ni supu na chapati. Supu ya ng'ombe au makongoro, ndimu, pilipili, chapati mbili, na maongezi ya mpira. Ni chakula kizuri, nasi tunakipenda. Lakini tazameni nani wameketi pale. Mara nyingi ni akina baba. Mke na watoto wametangulia nyumbani kwa miguu, ambako wanakunywa chai ya rangi. Jioni hali ni ileile pa nyama choma: kilo imeagizwa, ndizi zimechomwa, kachumbari imekatwa, marafiki wameizunguka, na nyumbani kuna ugali na mchicha. Hatusemi baba asikutane na rafiki zake. Tunasema kwamba mtoto anayesikia harufu ya nyama katika shati la baba yake, naye hakuionja, anaelewa jambo ambalo hakuna katekesi itakayomwondolea kwa urahisi.

Mtume Paulo alikutana na kasoro ya namna hii Korintho. Katika barua yake ya kwanza, sura ya 11, anawakemea waamini waliokusanyika kwa karamu ya Bwana huku kila mmoja akitangulia kula chakula chake, huyu akibaki na njaa na yule akiwa amelewa. Anawaambia kwamba wanawatahayarisha wasio na kitu, na anawaagiza wangojane. Ni vema kukumbuka kwamba onyo hilo tunalolisoma tukifikiria altare lilianzia kwenye sahani za watu.

Kula nje pamoja na familia si anasa ya kizungu wala dhambi ya matumizi, mradi pasiwe na deni. Mara moja kwa mwezi, au mara mbili kwa mwaka, mama wa nyumba anaketi na kuletewa chakula badala ya kukileta yeye. Kwa hilo pekee gharama imelipwa. Kila mtoto anachagua: huyu chipsi mayai, yule mishikaki, mwingine wali na kuku, na katika kuchagua anajifunza pia kiasi, maana baba amekwisha kutaja nyumbani ni fedha ngapi zilizopo. Tunasisitiza nyumbani, kabla ya kutoka. Mabishano ya bei mbele ya mhudumu huharibu siku nzima, na wakubwa wanaoagiza kwa kujionesha ili majirani wa meza ya pili waone, huishia kukopa nauli ya Jumatatu.

Pafaa kuchagua mahali ambapo watu wanasikilizana. Ukumbi wenye muziki wa kupasua masikio na meza zilizojaa chupa saa 6 mchana hauwafai watoto, hata nyama yake iwe laini namna gani. Wengine huuliza kama ni lazima kufanya ishara ya msalaba mbele za watu. Hakuna anayelazimishwa, lakini tunaona haya ya ajabu kwa watu ambao saa moja iliyopita waliimba Nasadiki kwa sauti kubwa. Fanyeni kwa utulivu, bila onyesho, kisha mleni. Simu zikae katika mkoba wa mama. Picha moja yatosha. Na yule binti anayehudumia meza, ambaye huenda naye alitamani kuwa Misani asubuhi hiyo, asemeshwe kwa adabu; watoto wanatazama jinsi tunavyomwita.

Limebaki jambo la dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za waamini yeye ndiye anayewasha jiko saa 10 alfajiri, anayechemsha uji, anayejua mtoto yupi hapendi maziwa yenye utando. Chai ikiwa tayari, anakunywa jikoni, peke yake, akiwa ameketi juu ya ndoo. Siku ya kula nje anabaki kulinda nyumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Mwanga wa Mataifa, namba 11, uliita familia Kanisa la nyumbani, nasi tunalipenda sana neno hilo na kulirudia katika semina za ndoa. Kanisa hilo lina mtu mmoja asiye na kiti. Baadhi ya akina mama wametuambia kwamba wenyewe mabinti hawa huona aibu kuketi mezani, na hilo ni kweli. Anayekaribishwa mara moja tu ataona aibu. Akikaribishwa kila asubuhi kwa mwezi mmoja, atazoea kama tulivyozoea sisi kumwona jikoni.

Na familia ambayo mgahawa hauwezekani kabisa mwaka huu, mkeka na chungu vinatosha. Chapati za nyumbani, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, kisha mnaketi ufuoni au chini ya mwembe wa parokia baada ya Misa ya pili. Paroko hatakataa, hasa akionjeshwa. Kama kuna bibi au babu aliyebaki nyumbani kwa sababu ya miguu, sehemu yake itengwe kabla watu hawajaanza kula, kwa maana kinachofungwa mwishoni huwa ni mifupa.