Doa liko chini, chanzo kiko juu

Gari kuukuu likivujisha oili, wengi hutandika boksi chini au huongeza oili kila wiki. Fundi mzoefu hafanyi hivyo. Kwanza huosha injini mpaka itakate, huliendesha gari kidogo, kisha humulika kwa tochi kuanzia juu. Anajua oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Sampu yaweza kulowa ilhali iliyokauka na kupasuka ni gasketi ya kava ya juu. Tena huzibua njia ya kupumulia ya injini. Ikibaki imeziba, presha ya ndani itaisukuma oili ipite hata kwenye gasketi mpya.

Ndivyo yalivyo majumba yetu. Hasira inayoonekana mezani huenda ilianzia kwenye uchungu wa miaka usiosamehewa. Tunafunika doa, kesho linarudi. Katika Zaburi ya 139, mwimbaji anamwomba Mungu auchunguze moyo wake. Sala hiyo ndiyo tochi yetu.

Wiki hii, mwombe Bwana akuoshe, akuonyeshe panapovuja, kisha mwendee uliyekosana naye. Usingoje taa nyekundu iwake. Hapo huenda injini imeshaanza kuumia.