Kamba ya winchi haikatikake kwa siku moja

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye munatungojea mangaribi, leo hatuzungumze bei ya dhahabu. Tunazungumza winchi, ile mashine yenye iko mbele ya gari, yenye inazungusha kamba ya chuma na kuvuta gari kama imezama mu potopoto. Wafundi wetu wanaiita treuil. Mwenzetu mumoja amelala kitandani, mguu umevunjika mahali pawili, juu ya kamba ya winchi. Tumeona haifai tunyamaze.

Mambo yalianza hivi. Tajiri mumoja wa carrière, upande wa Lubero, alinunua gari ndogo ya kazi iliyokwisha kutumika Ulaya. Ilikuja na winchi ya umeme, na mbele yake bamba kubwa la chuma. Kule Ulaya na Kanada watu wanatumia bamba kama lile kusukuma theluji ku barabara wakati wa baridi. Sisi theluji tunaijua ya Ruwenzori tu, ile ya mbali, asubuhi yenye haina mawingu. Tajiri akasema: chenye kinasukuma theluji kitasukuma na potopoto. Tuseme ukweli, sisi wenyewe tulifurahi. Tulikuwa tumechoka kufungua njia ya carrière kwa beleshi kila kisha mvua.

Lakini theluji si potopoto. Metre cube moja ya theluji mupya mara nyingi haifike kilo 200. Metre cube moja ya udongo wenye kulowa inapita kilo 1.500. Tena udongo unanata, na ndani yake kuna mawe na mizizi. Bamba lile lina ressorts nyuma, juu lijikunje kidogo kama limegonga kitu. Kwetu lilikuwa linagonga jiwe kila hatua. Ressorts zikalegea. Goupille yenye inashika bamba ku gari ikakatika, na mu nafasi yake wakatia kipande cha fer à béton. Gari ikaendelea na kazi.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo siri ya ile ajali. Kwa gari ndogo kama zile, mara nyingi ni winchi ileile yenye inainua bamba. Shofele anabonyeza, bamba linapanda. Anabonyeza tena, linashuka. Siku nzima ni vile. Kamba inajikunja mahali palepale, karibu na ndoano, mara nyingi kupita kuhesabu. Mahali pengine pote inaonekana mupya. Pale karibu na ndoano inakufa polepole, uzi mumoja kisha mwingine. Kisha gari inazama, na watu wanatumia kamba ileile yenye imechoka kwa kuvuta gari nzima na mzigo wake.

Alama zilikuwa. Nyuzi za chuma zilianza kutoka inje na kuchoma mikono. Kifungo nacho kilikuwa kinakwama: unaachilia, lakini winchi inaendelea kuvuta. Hiyo maana yake relais ndani imeungua na kushikamana, na umeme haukatike tena. Dawa ya pale ilikuwa kugonga na nyundo. Tulimwambia tajiri. Mara ya kwanza alisema atanunua ingine. Mara ya pili alisema mwezi wenye kuja. Tulisema kwa mdomo tu, hakuna karatasi yenye tuliandika. Hilo ni kosa letu, na tunalisema hapa mbele ya wote.

Siku ile gari ilitumwa Kyavinyonge kuleta samaki za kantini. Munaijua ile njia ya kupitia Kyondo. Butembo iko juu kupita metre 1.700, na ziwa Édouard liko karibu metre 900. Ni kushuka sana, na kurudi ni kupanda sana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wakati wa kupanda, gari na mzigo wa samaki ikazama mpaka ku ekseli. Wakazungusha kamba ku mti na kuifunga yenyewe juu yake kwa ndoano. Konvoyere, kijana wetu, akasimama kandokando akiishika kwa mkono juu isitoke mu njia. Shofele akabonyeza. Kamba ikakatika palepale penye ilikuwa inajikunja, ikarudi kama nyoka, ikamupiga mguu.

Mama wa Kyavinyonge, wenye walikuwa wanapanda na vitunga vyao vya samaki, njo walitua mizigo, wakatoa vitenge vya kufunga mguu, na kusaidia kumubeba mpaka kituo cha afya. Tunawashukuru.

Tangu pale tumeuliza wafundi wa garaji. Haya njo wametufundisha, na tunaomba kila shofele na kila konvoyere ayajue.

Kamba ya kuinua bamba isitumike kuvuta gari mbele ya kuangaliwa. Kama nyuzi zimetoka inje, kama imejikunja vibaya ao imebonyea, inatupwa. Musifunge kamba yenyewe ku yenyewe kuzunguka mti: mutumie mkanda mpana. Ku ngoma ya winchi, mizunguko isipungue tano. Mujue tena kama nguvu yenye imeandikwa ku winchi ni ya safu ya kwanza tu ya kamba ku ngoma. Kila safu yenye inapanda juu yake, nguvu inapungua. Poulie moja, ikifungwa vizuri, inagawa mzigo wa kamba karibu nusu. Mutupe koti nzito ao gunia yenye kulowa katikati ya kamba, juu ikikatika isiruke mbali. Na mtu yeyote asisimame karibu kupita urefu wa kamba yenyewe.

Kwa umeme, mutie coupe-circuit karibu na batri, mahali mkono unafika haraka. Mupumzishe motere ya winchi. Ikiwa moto kushika, muache. Na bamba lishushwe chini mbele mtu hajatia mkono wala kichwa chini yake.

Wenye munashuka mu puits, musiseme hii ni habari ya mashofele. Treuil ya mkono yenye inawapandisha pamoja na ndoo iko na kamba pia. Nayo inajikunja mahali palepale kila siku. Muiangalie asubuhi, mbele mtu wa kwanza hajashuka.

Code du travail ya tarehe 16 octobre 2002 inamuomba mwajiri achunge uzima wa mtumishi ku kazi, na inasema juu ya comité d'hygiène et de sécurité. Convention 176 ya OIT, ya mwaka 1995, inasema mchimbaji iko na haki ya kutoka mahali pa hatari. Lakini kijana wetu hakuandikishwa ku CNSS. Na wakati tulienda kumuona tajiri, alisema: hakuna mtu aliniambia kama kamba ni mbovu.

Njo maana tumenunua daftari. Kila kitu chenye kinaharibika, tunaandika tarehe, ni kitu gani, nani ameambiwa, na yeye anatia saini. Akikataa kutia saini, mashahidi wawili wanatia. Daftari ile bei yake ni ndogo kupita chupa ya bia. Kila carrière iwe na yake. Na siku shofele anasema «leo kamba hii sitaivuta», musimucheke. Musimame pamoja naye.