Ukumbi Tayari, Timu Hakuna

Septemba 2015 mji wa Quebec, mashariki mwa Kanada, ulifungua ukumbi mpya wa michezo wenye viti 18,259. Serikali ya jimbo na manispaa zilitoa takriban dola milioni 370 za Kanada kuujenga, na lengo halikufichwa: kuirudisha hoki ya barafuni ya daraja la juu katika mji uliompoteza mwanawe, timu ya Nordiques, mwaka 1995. Mitambo ya kugandisha barafu, vyumba vya wachezaji, maboksi ya matajiri, vyote vilikuwa tayari. Hadi leo ukumbi huo unapokea wanamuziki na timu ya vijana ya Remparts. Ile iliyojengewa haijafika.

Tarehe 22 Juni 2016 ligi kuu ya mchezo huo, NHL, ilitangaza timu yake mpya. Ilikwenda Las Vegas, mji wa kamari katikati ya jangwa la Nevada, ambako joto la Julai hupita nyuzi 40 na mtu huweza kukua hadi uzeeni bila kuona mto ulioganda. Watu wa Quebec, ambao watoto wao huvaa viatu vya kutelezea karibu wakati uleule wanapojifunza kutembea, walilipokea tangazo hilo kama kofi.

Barafu yenyewe, kwa kweli, si hoja. Uwanja wa hoki una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na barafu yake haizidi unene wa sentimita tatu hivi. Chini yake kuna sakafu ya zege iliyozikwa mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopoozwa kupita kiasi. Juu yake hunyunyiziwa maji tabaka baada ya tabaka, rangi nyeupe ikapakwa katikati ili kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kionekane. Mwenye umeme wa uhakika anaweza kuyafanya hayo popote. Nairobi, hatua chache tu kutoka ikweta, kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, na humo ndimo ilimokulia timu ya Kenya, Ice Lions.

Kinachoamua ni kingine. Kwa msomaji aliyezoea soka, la kwanza la kuelewa ni kwamba huko hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu ya Mbeya au Kakamega inaweza kuanzia ligi ya chini, ikashinda, ikapanda, hadi siku moja ikakutana na Simba au Gor Mahia. Amerika Kaskazini njia hiyo haipo. NHL ni chama cha wamiliki. Timu ziko 32, saba kati yake za Kanada, na anayetaka kuleta ya 33 lazima awabishie hodi waliomo, alipe kiingilio, kisha wao wapige kura. Kiingilio hicho wanagawana wenyewe, wala wachezaji hawaoni hata senti yake.

Na kiingilio kimepaa. Mwaka 1967 kilikuwa dola milioni 2. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifika milioni 50, mwishoni mwa muongo huo milioni 80. Bill Foley, tajiri aliyeileta timu Las Vegas, alilipa milioni 500. Kila mmiliki kati ya 30 waliokuwamo aliondoka na zaidi ya milioni 16 bila timu yake kugusa barafu. Ukiyatazama mambo kwa jicho hilo, kusema kwamba ligi huchagua miji ni kuipamba. Ligi huchagua mwenye fedha aliye na ukumbi, na mji huja naye kama anwani yake.

Hali hiyo haikuanza jana. Hadi 1967 ligi ilikuwa na timu sita tu, zote kaskazini mashariki na kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika. Wamiliki waliamua kuongeza sita nyingine kwa mkupuo, macho yao yakiwa kwenye televisheni ya Marekani, ambayo ilitaka mchezo wa pwani hadi pwani. California ikapewa timu mbili. Vancouver, mji wa Kanada wenye kiu ya hoki, ikaachwa nje kwa miaka mitatu zaidi. St. Louis ikatengewa nafasi kabla hata mtu wa huko hajaomba. Kisa? Wamiliki wa timu ya Chicago walikuwa na ukumbi wa zamani mjini St. Louis, na walitaka kuuondoa mikononi. Ikapatikana familia ya Salomon, ikanunua timu na ukumbi pamoja.

Timu hiyohiyo, Blues, ilikuja kutoa kituko mwaka 1983. Mmiliki wake wa wakati huo, kampuni ya vyakula vya mifugo ya Ralston Purina, alichoka kula hasara na akakubali kuiuza kwa kundi lililotaka kuihamishia Saskatoon, mji mdogo wa nyanda za ngano Kanada ambako hoki ni kama hewa. Wamiliki wenzake wakapiga kura: 15 dhidi ya 3, hapana. Kampuni ikasusa kabisa, na mwaka ule Blues hawakupeleka hata mtu kwenye zoezi la kuchagua wachezaji chipukizi.

Saskatoon ilikwama kwa udogo. Hamilton, katika jimbo la Ontario, ilikwama kwa majirani. Mji huo ulijenga ukumbi mwaka 1985 ukisubiri timu, na mwaka 2009 alijitokeza Jim Balsillie, mmoja wa vigogo wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, akaweka mezani zaidi ya dola milioni 212 kuinunua timu iliyofilisika ya Phoenix aipeleke Hamilton. Mashabiki wangejaa, hilo halikubishaniwa na mtu. Lakini Hamilton iko katikati ya Toronto na Buffalo, na katika ligi hii kila timu ina eneo lake la kujidai ambamo mgeni haingii bila ridhaa na, aghalabu, bila fidia. Disney ilipoanzisha timu Anaheim mwaka 1993, nusu ya kiingilio chake cha milioni 50 ilikwenda kwa jirani yake, Los Angeles Kings. Balsillie alijaribu kupitia mlango wa mahakama ya wafilisi, jaji akamkatalia.

Hiyo timu ya Phoenix inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa linaloweza kufanyika.

Ilizaliwa Winnipeg, Kanada. Miaka ya 1990 dola ya Kanada ilikuwa dhaifu: timu iliuza tiketi kwa fedha ya nyumbani na kulipa mishahara kwa dola ya Marekani, na wakati huo mishahara haikuwa na kikomo. Quebec iliondoka 1995 kwenda Denver, ikabeba Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, msimu wa kwanza tu huko, jambo ambalo mjini Quebec halijasahaulika. Winnipeg ikafuata 1996 kwenda Arizona. Kule ilianza katika ukumbi wa mpira wa kikapu katikati ya Phoenix, ambamo maelfu ya watazamaji walikuwa hawalioni vizuri goli la upande mmoja. Mwaka 2003 ikapata ukumbi wake, lakini Glendale, magharibi mwa jiji, ilhali mashabiki wenye fedha wengi wanaishi upande wa mashariki. Mtu atoke kazini Jumanne jioni, akae kwenye foleni kulikatiza jiji zima, kisha arudi tena usiku? Wengi hawakwenda.

Baada ya kufilisika 2009 ligi yenyewe iliinunua timu na kuiendesha hadi 2013. Kwa misimu miwili manispaa ya Glendale ililipa dola milioni 25 kila msimu ili isiondoke. Hatimaye manispaa nayo ikachoka, na kuanzia 2022 wachezaji wa kulipwa wakawa wanacheza katika ukumbi wa chuo kikuu wenye nafasi ya watu wasiofika 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe, mji mwingine kando ya Phoenix, walikataa mpango wa kujengewa ukumbi mpya. Aprili 2024 mchezo ukaisha: Ryan Smith, mmiliki wa timu ya kikapu ya Utah, akahamishia wachezaji Salt Lake City kwa mpango wa dola bilioni 1.2.

Wanaosema jangwani hoki haiwezi kuota watajibiwa kwa jina moja, Auston Matthews. Alikulia Scottsdale, kando ya Phoenix, akaipenda hoki kwa kuitazama timu hiyo, na mwaka 2016 akawa kijana wa kwanza kuchaguliwa kati ya chipukizi wote duniani. Mbegu iliota. Aliyekosekana ni mwenye shamba.

Las Vegas walijifunza. Foley hakuanza kwa kuomba timu, alianza kwa kuuza tiketi za msimu za timu isiyokuwapo. Mwaka 2015 alilenga amana 10,000, akazivuka. Ukumbi ulikuwa unajengwa kwa fedha za watu binafsi, hatua chache kutoka mtaa wa kasino, na ukafunguliwa Aprili 2016. Ligi ilipopokea maombi rasmi yalikuwa mawili tu, lake na la Quebec. La Quebec likawekwa kiporo. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: dola ya Kanada, iliyoshuka chini ya senti 70 za Marekani mapema mwaka ule, na mgawanyo wa timu, 16 mashariki na 14 magharibi. Quebec iko mashariki, na jiografia haijengwi kwa zege.

Tarehe 1 Oktoba 2017, siku chache kabla ya msimu kuanza, mtu mwenye bunduki aliwamiminia risasi waliohudhuria tamasha la muziki mjini Las Vegas. Idadi ya waliouawa iliyotangazwa ilikuwa 58. Mechi ya kwanza ya nyumbani ilichezwa tarehe 10. Matangazo ya biashara yaliondolewa kwenye mbao zinazozunguka uwanja, wachezaji wakaingia barafuni bega kwa bega na wauguzi, polisi na wazimamoto, na ukumbi ukanyamaza kwa sekunde 58. Aliyeshika kipaza sauti ni beki Deryk Engelland, aliyekuwa ameshafanya makazi Las Vegas tangu enzi za kuchezea timu ndogo ya mji huo. Kisha akafunga goli, na Vegas ikashinda 5–2. Baada ya usiku ule hakuna aliyeuliza tena kama mji una mashabiki.

Ilisaidia pia kwamba timu ilikuwa nzuri. Zamani wageni walipewa makombo: Washington, msimu wake wa kwanza wa 1974–75, ilishinda mechi 8 kati ya 80. Anayelipa milioni 500 hakubali fedheha hiyo, hivyo masharti yakalegezwa. Kila timu iliruhusiwa kuwakinga wachezaji wachache tu, Vegas ikachukua mmoja kutoka kwa kila mwenzake. Mwaka wa kwanza ikafika fainali, 2023 ikatwaa kombe.

Seattle walifuata nyayo hizo kwa haraka zaidi. Machi 2018 amana 10,000 za tiketi zilikwisha kwa dakika 12. Kiingilio kilikuwa milioni 650, na ukumbi wa kale ukajengwa upya kwa namna ambayo wahandisi hawatachoka kuisimulia: paa la maonyesho ya dunia ya 1962, lenye uzito wa tani 20,000 hivi na lililolindwa kisheria kama urithi, lilishikiliwa juu kwa nguzo za muda huku jengo lote chini yake likibomolewa na shimo kuchimbwa zaidi.

Tiketi zinazokwisha kwa dakika, hata hivyo, hazidumu lazima. Winnipeg iliporudishiwa hoki mwaka 2011, baada ya timu ya Atlanta kuhamia huko, iliuza tiketi za msimu 13,000 ndani ya siku chache. Kufikia 2023 zilikuwa zimeporomoka hadi karibu 9,500, na wamiliki wakaanza kuwasihi wenye kampuni mjini wajitokeze. Atlanta nayo, iliyokwisha kupoteza timu mbili, ina watu wanaotaka ya tatu. Safari hii wanautazama upande wa vitongoji vya kaskazini, karibu na nyumba za wanunuzi. Serikali ya jimbo la Quebec, kwa upande wake, ilikubali kulipa kati ya dola milioni 5 na 7 za Kanada ili Los Angeles Kings waje kucheza mechi mbili za kirafiki Oktoba 2024. Walipa kodi walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Upo mfano mwingine, wa hoki ya wanawake. Ligi ya PWHL ilianza Januari 2024 ikiwa na timu sita, na zote zinamilikiwa na ligi yenyewe. Haina haja ya kusubiri tajiri wa mji fulani ajitokeze. Msimu wa 2024–25 ilipozunguka kutafuta makazi ya timu mpya, ilifanya jambo la kawaida kabisa: ilipeleka mechi tisa katika miji isiyo na timu, Quebec ikiwamo, ikahesabu waliokuja. Vancouver walikuja 19,038 kwa usiku mmoja wa Januari. Kabla Aprili haijaisha Vancouver na Seattle zilikuwa zimeshapewa timu, na wanawake wa Vancouver wakakabidhiwa Pacific Coliseum, ukumbi uliotumiwa na wanaume wa mji huo hadi 1995.