Makazi ya ufukweni: Kagua hati, maji na barabara kabla ya upepo

MNUNUZI wa kiwanja cha ufukweni Dar es Salaam huulizwa na dalali jambo moja tu: ana shilingi ngapi. Baada ya hapo huzungushwa kwenye gari nusu siku, akaonyeshwa bahari, akapigwa na upepo, na jioni akaombwa malipo ya awali. Familia nyingi zimeingiza mafao ya kustaafu au akiba ya miaka 20 katika ununuzi wa namna hii, na baadhi yao zimebaki na ukuta, mtaro na kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba.

Ukanda wa bahari wa jiji hili si soko moja. Kutoka Oysterbay hadi Mbweni upande wa kaskazini, na ng'ambo ya pili kutoka Mjimwema hadi Gezaulole, kila eneo lina historia yake, udongo wake na mpangaji wake. Bei hufuata mambo hayo kuliko inavyofuata umbali wa kufika majini.

RASI YA MSASANI

Oysterbay ilipangwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa makazi ya Wazungu. Viwanja vikakatwa vikubwa, nyumba zikawa za chini na barabara zikapandwa miti. Baada ya Uhuru nyumba hizo zilikaliwa na viongozi, maofisa wa serikali na mabalozi. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, zikiwamo za Oysterbay na Masaki, na ndipo sura ya eneo ilipobadilika haraka. Mahali palipokuwa na nyumba moja na mwembe, leo pana ghorofa lenye familia nyingi.

Sehemu kubwa ya rasi hiyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, hivyo ardhi yake imeinuka. Daraja la Tanzanite lililozinduliwa mwaka 2022, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, liliunganisha upande wa Coco Beach na eneo la Hospitali ya Aga Khan, na kupunguza utegemezi wa Daraja la Selander. Wapangaji ni balozi, mashirika ya kimataifa, kampuni na wageni wenye mikataba ya kazi. Asiye raia hubanwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo humruhusu kupata ardhi hasa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa sababu hiyo wengi wao hupanga, na hapo ndipo mwenye nyumba wa Masaki anapopata chumo lake.

Hata hivyo, si kila kiwanja kinachotangazwa kwa jina la Msasani kimekaa juu ya mwamba. Bonde la Mpunga linajieleza kwa jina lake. Mahali palipolimwa mpunga maji yanapajua, na mvua za masika hurudi kudai njia yao hata kama juu yake pamejengwa ghorofa lenye vioo.

MIKOCHENI NA MBEZI BEACH

Mikocheni humfaa anayetaka kuwa karibu na huduma. Hospitali za Kairuki na TMJ zipo, ofisi zipo, na Mlimani City haiko mbali. Tatizo lake ni mifereji. Baadhi ya mitaa yake imelala chini, na kiwanja kilichokauka Septemba chaweza kuwa bwawa Aprili.

Mbezi Beach ni ya wenye nyumba zao zaidi kuliko wapangaji. Viwanja ni vipana na majirani hukaa miaka mingi. Mnunuzi anayesoma matangazo awe mwangalifu, kwani Mbezi ya Kimara iko kwenye Barabara ya Morogoro na haina bahari. Tangazo linalosema "Mbezi" peke yake linahitaji swali la pili kabla ya nauli.

KUNDUCHI HADI MBWENI

Ufukwe wa Kunduchi unajulikana kwa mahoteli, lakini pia kwa bahari kula ardhi. Hoteli ya Africana ilipotea kwa namna hiyo, na wamiliki wengine wakalazimika kujenga kuta na matuta ya mawe kuzuia mawimbi. Moja ya sababu zinazotajwa ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoshuka hadi pwani hiyo. Mto hulisha ufukwe kwa mchanga wake, na unapochukuliwa na malori kwenda kujengea nyumba nyingine, bahari huanza kula ufukwe wenyewe.

Mbweni ilipata viwanja vilivyopimwa kupitia Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Hapo mnunuzi hupata ramani, nafasi za barabara na hati, vitu ambavyo maeneo mengi ya jiji yamekosa. Anacholipia ni muda. Anayefanya kazi katikati ya jiji, akipoteza saa moja ya ziada kwenda na moja kurudi kwa siku 22 za kazi, ametumia saa 44 kwa mwezi barabarani. Hizo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi.

KIGAMBONI

Kigamboni iko karibu na mjini kwa macho kuliko kwa safari. Kwa miaka mingi ilitegemea kivuko cha Magogoni. Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 lilifunguliwa Aprili 2016, na tozo yake kwa magari ikapunguzwa mwaka 2022. Kibada na Gezaulole nazo zilipata viwanja vya Mradi wa 20,000.

Lakini Kigamboni ina fundisho lake. Mpango wa Mji Mpya uliotangazwa mwaka 2008 ulisimamisha uendelezaji kwa miaka kadhaa, na mji wenyewe haukujengwa kama ulivyochorwa. Aliyekuwa na kiwanja hakujua ajenge, auze au asubiri. Anayenunua huko leo hana budi kuuliza manispaa mpango wa matumizi ya ardhi unasemaje kuhusu mtaa anaoutaka, na aone ramani kwa macho yake.

MITA SITINI

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Kifungu hiki ndicho dalali hupenda kukisahau. Kiwanja kinachosifiwa kwamba "ukifungua geti unakanyaga mchanga" chaweza kuwa ndicho kisichopaswa kujengwa. Mnunuzi achukue mpima mwenye leseni, apime kutoka alama ya maji kujaa, na asikubali hatua za miguu za muuzaji.

HATI KWANZA

Upekuzi katika ofisi ya ardhi ndiyo gharama ndogo kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Unaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lililowekwa na mtu mwingine. Mnunuzi aangalie pia miaka iliyobaki. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inaisha mwaka 2028. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na haiwi hati kwa sababu tu imegongwa muhuri. Kama nyumba ni ya familia, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe kwa maandishi, kwa sababu bila hiyo mauziano yaweza kubatilishwa. Kwa wanaonunua sehemu ya ghorofa, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu kuwa na hati yake. Wadai hati hiyo, wasiridhike na mkataba wa muuzaji pekee.

HESABU YA RAHISI NA GHALI

Chukua mfano wa viwanja viwili. Cha kwanza kinauzwa shilingi milioni 250, kina hati, maji na barabara, lakini kiko mtaa wa tatu kutoka baharini. Ukiongeza ushuru wa stempu wa asilimia moja, jumla ni milioni 252.5. Cha pili ni milioni 180, kinatazama bahari, kimelala chini na kina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Kikihitaji malori 120 ya kifusi kwa shilingi 200,000 kila moja, ni milioni 24. Ukuta wa kuzuia maji milioni 30, kisima na tangi milioni 15, upimaji na hati milioni nane. Jumla ni milioni 257, na bado mita 60 hazijapimwa.

Maji yenyewe ni hesabu ya kila mwezi. Upande wa kaskazini hutegemea mtambo wa Ruvu Chini, ambao uwezo wake ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku. Bomba kuwa mtaani hakumaanishi maji kufika juu ya tangi. Visima vya karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi, na mwenye nyumba huishia kulipia boza. Hewa ya chumvi nayo hula mabati, nondo na viyoyozi, kwa hiyo fungu la matengenezo liwe kubwa kuliko la nyumba ya Kimara.

NANI ANUNUE WAPI

Anayetafuta kodi ya pango atazame Masaki na Oysterbay, ila akumbuke kwamba kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Aliyezoea kukadiria mapato yake kwa dola anatakiwa kuyapiga upya kwa shilingi. Mwenye watoto shuleni na kazi mjini atafaidi Mikocheni iliyo juu ya maji, au Mbezi Beach. Mstaafu asiyefukuzana na saa atapata nafasi zaidi Mbweni au Kigamboni kwa fedha ileile.

Kabla ya wote hao kulipa, mtaa utembelewe mara tatu: siku ya mvua kubwa, saa 12 asubuhi foleni inapoanza, na usiku. Majirani waulizwe maji hutoka siku zipi na mafuriko ya mwisho yalifika wapi ukutani. Majibu hayo hayalipiwi udalali.