Uzi: Chuo kikikosa pesa, kwa nini hoki ndiyo hufa kwanza?

Kila msimu wa bajeti mjadala huu hurudi. Mmoja anasema michezo vyuoni ni anasa, wahadhiri hawajalipwa. Mwingine anasema michezo ni ajira, tuwatoe vijana mitaani. Wote wawili wanapigiwa makofi, halafu timu ya wasichana ya mpira wa magongo inakosa basi. Twende polepole, tuone pesa zinapotelea wapi. Na kama kawaida yetu hapa, sitaji chama wala mwanasiasa.

Kwanza tuiondoe picha ya Marekani. Kule chuo hutoa tangazo. Stanford ilitangaza Julai 2020 kwamba inafuta michezo 11, watu wakapiga kelele, wengine wakaenda kortini, na Mei 2021 chuo kikageuza uamuzi. Kwetu hakuna tangazo. Timu haifutwi, inanyimwa tu. Jina linabaki kwenye tovuti. Mafuta ya basi hayatoki, kocha wa mkataba haitwi tena, mipira haiongezwi. Wale wa mwaka wa nne wakihitimu, wa mwaka wa kwanza hawajui hata kama kulikuwa na timu. Sasa utaandamana kupinga uamuzi ambao hakuna aliyeusaini?

Pesa zilienda wapi? Hapa ndipo wanaojibizana kwenye runinga hupita mbio. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuchukua wanafunzi wa kujilipia, ile tuliyoiita Module II, na vyuo vingine vikafuata. Mwanafunzi wa serikali alikuwa akilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kwa hiyo wa kujilipia ndiye aliyekuwa akijaza sufuria. Majengo, mabasi, hata jezi, nyingi zilitoka huko.

Halafu ukaja mtihani wa KCSE wa 2016. Waliopata C+ na zaidi walishuka hadi 88,929, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Serikali ikaweza kuwapa nafasi wote, wengine ikawapeleka hata vyuo vya binafsi. Nani tena ajilipie? Sufuria ikakauka. Karibu wakati huohuo ukaja mpango wa kulipia kila kozi kulingana na gharama yake, serikali ikiahidi kubeba asilimia 80. Haikufikisha. Mwaka 2023 tukaletewa mfumo mwingine wa ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba, na 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Mhasibu wa chuo anapangaje mwaka hapo?

Akikaa kupanga, ana mishahara, umeme, maji na madeni. Wahadhiri walipogoma 2025, Septemba hadi Novemba, walikuwa wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani. Mbele ya deni kama hilo, nani atasimama kwenye kikao atetee magongo? Mimi mwenyewe nakubali mishahara itangulie. Lakini kukatwa hakuwi sawa kwa michezo yote, na hapo ndipo nina ugomvi.

Raga ina wenyewe. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza 1977, ina wazee waliopita pale ambao leo wana kazi na simu za kupiga. Kandanda ina mashabiki. Hoki, mpira wa wavu na mpira wa mikono hazina baba mjini. Ukikata, hakuna simu inayolia.

Na hoki si mchezo wa juzi hapa. Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971. Uwanja wa City Park, pale Parklands, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na wanaume wetu wakachukua dhahabu. Mwaka uliofuata wakaenda Olimpiki ya Seoul. Tangu hapo hatujarudi.

Nimecheza hoki chuoni, chuo nisichokitaja. Basi lilikuwepo, limeegeshwa. Mechi ikiwa City Park tulipanda matatu Kangemi, tukishuka Westlands kubadilisha, na begi la kipa tulilipia kiti kama abiria, maana kondakta hakutaka hadithi. Wenye nauli walifika. Kuna Jumamosi tulianza mechi tukiwa tisa. Hakuna aliyetufukuza uwanjani, ila msichana wa Kawangware ambaye nauli yake ya wiki ilishahesabiwa alikuwa ameshakatwa, kimya kimya. Mwenzake wa Lavington, mwenye gongo lake na mzazi wa kumleta kwa gari, aliendelea na baadaye akajiunga na klabu. Ndiyo maana nikisikia “michezo ni anasa” huwa nauliza: anasa ya nani? Chuo kikijitoa, mchezo unabaki, ila wa wanaojiweza peke yao.

Wengine hujibu: si kuna mfuko wa michezo? Upo, tangu 2018, na unalishwa na kodi za kamari. Lakini jina lake kamili ni la michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, na humo kwenye “jamii” hata afya imo. Timu za taifa nazo zina safari zake. Mechi ya ligi kati ya vyuo viwili vya Nairobi Jumamosi asubuhi iko nyuma sana kwenye foleni hiyo.

Kitu ambacho sijasikia kikiulizwa kwenye mdahalo ni ada ya michezo. Angalia karatasi ya karo yako: vyuo vingi vina kifungu cha aina hiyo, kila mwaka, ucheze usicheze. Tuchukue mfano wa hesabu tu: wanafunzi 20,000 kwa shilingi 1,000 ni milioni 20. Zikiingia kwenye akaunti moja na karo, mishahara inazimeza, na hakuna aliyeiba. Zikikaa kwenye akaunti yake, basi la hoki linapata mafuta bila kumgusa mhadhiri yeyote.

Chuo cha umma ni taasisi ya umma. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia yeyote anaweza kuandika kuuliza ada hiyo ilikusanywa kiasi gani na ikatumika wapi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Huhitaji wakili, barua inatosha. Ukiandika, niwekee jibu hapa chini, hata likiwa la kukukatalia.