Kompyuta ndogo isiyojua leo ni siku gani

Wasikilizaji wetu wenye jamaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, huenda wamewahi kuombwa wachangie kompyuta ya darasa au ya zahanati. Mara nyingi kinachopendekezwa ni kompyuta ya bodi moja, kama Raspberry Pi, isiyozidi kiganja cha mkono. Hutumia umeme mdogo wa sola, na huweza kuwagawia wanafunzi maktaba nzima ya masomo pasipo intaneti.

Hata hivyo, bodi hizo hazilingani, na kinachokosekana hakionekani kwa macho.

Tuanze na saa. Tangu Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012 hadi toleo la nne la mwaka 2019, bodi hizo hazikuwa na saa yenye betri. Penye intaneti kasoro hiyo haijulikani, kwa kuwa kompyuta huchukua saa sahihi mtandaoni. Pasipo mtandao, huendelea kuhesabu kutoka muda wa mwisho ulioandikwa kwenye kadi yake. Ikizimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu asubuhi, huamini kwamba bado ni Ijumaa jioni. Kwa daftari la mahudhurio hilo ni usumbufu tu. Kwa kifaa kinachorekodi joto la jokofu la chanjo ni hatari, kwani muuguzi hawezi kujua joto lilipanda siku gani, wala ni dozi zipi zimeharibika. (Kompyuta kuandika 08:00 wakati sisi tunasema saa mbili asubuhi si hitilafu, huo ni utaratibu tofauti wa kuhesabu.)

Dawa yake ni chipu ya saa, kwa mfano DS3231, yenye betri ya mviringo mfano wa sarafu. Hupotoka kwa takriban dakika moja tu kwa mwaka. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 imeundwa na saa ndani yake, ila betri huuzwa kando, na wanunuzi wengi husahau.

Hifadhi nayo ina mitego. Umeme ukikatika ghafla kompyuta ikiwa inaandika, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika. Moduli iitwayo Compute Module 4 hupatikana ikiwa na hifadhi iliyochomelewa, ya gigabaiti 8, 16 au 32, au bila hifadhi kabisa. Waifai nayo ni ya hiari, na moduli yenyewe haifanyi kazi bila bodi ya kuipachika. Hifadhi ya kuchomelewa ni imara zaidi, lakini ikifa, moduli nzima hubadilishwa. Kadi ikifa, fundi wa Mbarara huandaa nyingine siku hiyo hiyo, mradi nakala ipo. Kwa darasa la Nakivale, kadi mbili zenye nakala moja zinafaa zaidi.

Kabla ya kutuma kifaa, kichomoe kwenye umeme usiku kucha, kisha ukiwashe asubuhi bila intaneti, na utazame kinasema ni saa ngapi.