Je, Wajua? Mofini ya Kijani, Wasia wa Matibabu na Mambo Mengine ya Tiba Shufaa

Je, wajua kwamba nchi ya kwanza duniani kubadili sheria ili wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, waweze kumwandikia mgonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, si Uingereza wala Marekani? Ni Uganda, mwaka 2004. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, akiwa na timu ndogo na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Wagonjwa wa saratani na UKIMWI walikuwa wakifa na maumivu yao, na daktari mwenye ruhusa ya kuandika dawa kali alikuwa mbali. Mgonjwa wa kijijini angemngoja mpaka lini? Sheria mpya ikawapa muuguzi na tabibu waliofuzu mafunzo maalumu kalamu ya kuiandika dawa hiyo wenyewe.

Dawa yenyewe haina makuu: unga wa mofini, maji, kihifadhi kidogo isiharibike, na rangi. Rangi si pambo. Ya kijani ndiyo nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ya waridi ina miligramu 50 katika kijiko hicho hicho, na ya bluu 100. Asiyejua kusoma huitambua chupa yake kwa macho. Kwa miaka mingi wagonjwa waliibeba kwenda nayo nyumbani katika chupa tupu za maji ya kunywa. (Ndiyo maana lazima iwekwe mbali na watoto, mtoto akiona rangi hudhani ni juisi.)

Na wajua inanywewaje? Kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni. Ikifika saa 4 usiku hunywewa dozi mbili kwa mpigo, ili mgonjwa alale hadi alfajiri, na anayemuuguza naye apate usingizi. Ubaya wake mkubwa ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo tangu mwanzo. Uraibu je? Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa kipimo kinachofuatiliwa ni nadra kuwa mraibu. Kwa maoni yangu, hofu ya mofini imewatesa watu wengi kuliko mofini yenyewe.

Kuna jambo lingine lisilohitaji mashine. Saratani ya titi ikipasuka na kuwa kidonda, harufu yake huweza kuwafukuza hata ndugu wa damu. Wahudumu wa tiba shufaa husaga vidonge vya metronidazole, vile vile tunavyovijua kwa kuharisha damu, na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Harufu hupungua, na wageni huingia tena chumbani.

Wengi hudhani tiba shufaa ni ya siku za mwisho, daktari akishanyoosha mikono. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida waliishi miezi 11.6 kwa wastani, na wenzao miezi 8.9, ingawa hao wa kwanza walipewa matibabu makali machache zaidi mwishoni.

Hospitali ya kwanza ya kisasa ya tiba shufaa, St Christopher's ya London, ilifunguliwa mwaka 1967 na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Harare ilipata yake 1979, Nairobi 1990.

Wajua pia kwamba kuna wasia usiogusa shamba wala nyumba? Mwaka 1969 Luis Kutner, mwanasheria wa Chicago, alipendekeza hati ambayo mtu, angali na akili timamu, anaeleza matibabu asiyoyataka siku atakapokuwa hawezi kusema. Jimbo la California likaitungia sheria mwaka 1976. Kwetu mambo huenda kinyume: "Mzee asiambiwe," wanaamua watoto wakiwa nje ya wodi, na mzee ndani anajua kila kitu ila hana wa kuzungumza naye. Kisha inafika siku ya kuamua kuhusu mashine ya kupumulia, na kila mtoto anasema lake.

Basi muulizeni mgonjwa mapema, angali anaongea: anataka kuuguzwa wapi, nani amsemee, na lipi hataki afanyiwe. Na kama maumivu yamemshinda, ulizeni hospitalini kama kuna mtaalamu wa tiba shufaa, na mofini ya maji itajeni kwa jina lake.